Mama Hajambo

Cedar-Riverside, Minneapolis
14 Aprili 2024

Kaka Munir,

Assalaam aleikum. Barua hii na ikukute u mzima, wewe na wifi yangu. Sisi huku hatujambo, na Mama hajambo. Miguu tu imemfura, na daktari amempunguzia chumvi, jambo ambalo amelichukulia kama tusi.

Simu anasema hazitaki. Ukishakata, maneno yako yote yameondoka nawe, lakini barua namsomea mpaka aikariri. Kwa hiyo mwandikie. Dirisha la chumba chake linautazama mto Mississippi, na kila asubuhi huniuliza kama ni kweli wewe nawe uko kando ya mto. Namwambia ni kweli. Basi mbona haji, ananiuliza.

Mimi nashinda kazini huko Hopkins nikiwaogesha wazee wa watu, na yeye hubaki na jirani yetu Bi Khadijah. Njoo, kaka, hata kwa wiki moja. Mtoto wa kiume ni wewe tu.

Nduguyo,
Faiza


Aldersford, Uingereza
20 Mei 2024

Mdogo wangu Faiza,

Wa aleikum salaam. Nimefurahi kusikia nyote hamjambo. Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua kwa kuvuta makasia. Utacheka, lakini msomee Mama haya.

Mto unapita nyuma ya bustani zetu. Zamani hapakuwa na daraja, palikuwa na kivuko, na ukoo mmoja ndio uliovusha watu, baba akimwachia mwana, mpaka vita vya pili. Kwenye ukuta wa kanisa wamechonga alama ya kila mafuriko, na anayewaonyesha wageni alama hizo ni mimi, mtoto wa Kibokoni, Mombasa. Mzee aliyeijua historia ya kijiji alipofariki, kamati ya kijiji ilinichagua mimi. Miaka ya kwanza walinisalimu kwa kutaja mvua. Sasa wananiita kwa jina.

Agosti tunaadhimisha miaka mia tatu ya kivuko, nami ndiye mvushaji, na kofia yake. Baada ya hapo nitakuja, inshallah. Mwambie Mama asile chumvi kwa siri.

Kakako,
Munir


Cedar-Riverside
9 Julai 2024

Kaka Munir,

Salaam nyingi, na baada ya salaam nakujulisha kuwa sisi wazima. Mama hajambo, ila anakula kidogo. Amenikataza nisikushtue, maana mtu aliye mbali hatwikwi mzigo, basi sikushtui.

Nilimsomea barua yako. Habari za kivuko alizisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hao waliokuwa wakivushwa ni nani wetu. Jana alinishika mkono akasema, "Muulize Munir kama bado aikumbuka Yasini."

Nami nakuuliza. Na kama yupo mtu mwingine huko anayeweza kuivaa hiyo kofia, mpe, uje mwezi huu.

Nduguyo,
Faiza


Aldersford
19 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Alhamdulillahi kwamba nyote wazima. Mwambie Mama Yasini naikumbuka, ingawa katikati napotea kidogo. Nitajikumbusha njiani.

Sherehe ya Jumamosi ilifana. Watu walijaa kingo zote mbili, bendi ya tarumbeta, keki za kila namna, kengele za kanisa zikilia mchana kutwa. Niliwavusha watoto wa shule, kisha ajuza mmoja aliyezaliwa hapahapa. Nilipomshika mkono ashuke, aliniambia, "Wewe ni wetu sasa." Sijui kama utaelewa neno hilo lilivyoniingia.

Niliporudi nikakuta umenipigia simu mara nyingi. Niliiacha nyumbani isilowe. Nilipoona umeacha kupiga nikajua lililokuwapo limetulia. Nakuja Oktoba.

Kakako,
Munir


Aldersford
2 Septemba 2024

Faiza,

Hilal, mtoto wa ami, amenipigia kutoka Mombasa kunipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa Mama amefariki na amekwisha kuzikwa. Ni dada gani afanyaye hivi?

Barua zako ninazo hapa mezani. Ya kwanza: Mama hajambo. Ya pili: Mama hajambo. Ungeandika kuwa anakufa ningeacha kila kitu. Usiniadhibu kwa kuwa niliamini ulichoandika.

Nimelia, wifi yako ni shahidi. Wanakijiji wamekuja na maua na supu. Kamati imekubali tuweke benchi kando ya mto, penye kivuko cha zamani, lenye jina la Mama. Ndivyo wanavyowakumbuka watu wao hapa, na si kila mtu hupewa heshima hiyo. Nitumie jina lake kamili na mwaka aliozaliwa, nisije nikakosea.

Kakako,
Munir


Cedar-Riverside
21 Septemba 2024

Munir,

Hali yangu usiniulize.

Mwaka wa kila mafuriko ya Aldersford unaujua, mwaka wa mamako huujui. Sitakutumia. Hakuwahi kukaa kando ya mto huo, na hilo benchi halimhusu.

Sasa hiyo hajambo. Barua gani ya kwetu uliwahi kuiona ikianza na mgonjwa? Baba alipokuwa hoi tulimwandikia ami huko Muscat kuwa Baba hajambo, naye akapanda ndege ya kwanza. Hajambo ni adabu. Habari huja baada yake. Na mama akiuliza kama mwanawe aikumbuka Yasini, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua sura hiyo husomewa mtu aliye kufani. Wewe ukajibu kuwa katikati unapotea.

Alifariki Jumamosi ile ya sherehe yenu, kabla ya adhuhuri. Nilikupigia akiwa bado anapumua. Niliiweka simu sikioni mwake, akawa anaisikiliza inavyoita. Baadaye sikuwa na sababu ya kupiga.

Tulimzika Jumapili. Huku sisi wanawake huruhusiwa kusimama kwa mbali. Shuka lilipotandazwa juu ya kaburi, imamu aliuliza mahram wa maiti, jamaa yake wa kiume, ni nani, ateremke ampokee. Alikuwapo Badawy mwenye duka la chini, na vijana wa msikitini ambao hawakuwahi kumwona Mama hata uso. Wote walinigeukia. Nikasema, "Alikuwa na mwana. Alikufa maji."

Badawy akavua viatu akateremka. Walipomaliza kufukia walikuja mmoja mmoja kunipa pole ya mama na pole ya kaka. Nilizipokea zote mbili.

Faiza