Swali la Tano

Tunduma,
Jumatatu, 12 Mei 2025.

Mpendwa Dada Ferista,

Shikamoo dada. Kifua chako kinaendeleaje? Juzi tulipoongea ulikohoa mpaka nikahisi simu yenyewe imeshikwa na mafua. Shemeji Yesaya hajambo? Goodness anasoma, au bado anabishana na kila mwalimu? Na wazee wetu, mahindi wamemaliza kuyaingiza ndani, au Baba bado anasema jua la kesho ndilo zuri? Baridi ya Ibaba naijua, mwezi huu imeshaanza kung'ata. Mimi mwilini ni mzima kabisa. Habari za moyoni utazikuta huko mbele.

Najua unajiuliza barua ya nini na simu unayo. Dada, simu yako huwa unaiweka sauti kubwa, nyumba nzima inasikia, na jirani akipita naye anasalimia. Haya ya leo si ya sauti kubwa. Tena kwa simu ningeanza kucheka, si unanijua, nikiogopa nacheka. Nimeianza barua hii mara nne. Tatu zimeishia kuwashia jiko. Hii nimeapa itafika: asubuhi nampa Osea, yule dereva wa gari la Itumba, na nitamwambia aiweke mkononi mwako, si kwa Goodness wala kwa mtu mwingine. Ndani utakuta karatasi nyingine mbili zimekunjwa. Usizifungue kwanza. Anza na hii, uisome mpaka mwisho.

Huku Tunduma ni yale yale. Malori yamejipanga kuvuka kwenda Zambia, foleni haina kichwa wala mkia, na mimi bado niko ofisini kwa yule wakala wa forodha, najaza fomu za madereva kutwa nzima. Wazambia wakiingia wananisalimu mulishani, najibu kwa Kibemba changu cha kuokoteza, wanacheka, kisha wananisifu kuwa Kiingereza changu ni cha shule kubwa. Na mimi ukinisifu Kiingereza, dada, nakuwa mjinga papo hapo. Ndivyo nilivyokuwa tangu utoto na ndiyo maana naandika.

Sasa habari yenyewe. Nimejiandikisha kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu, ule wa watu wazima, tusiopitia kidato cha sita. Usicheke. Nina miaka ishirini na minane na nimechoka kuandika majina ya watu wengine kwenye fomu. Kila Jumamosi mchana tunasoma kwenye darasa la kanisa karibu na stendi, watu tisa, na anayetufundisha ni Mwalimu Barnaba, mstaafu mmoja mkavu kama kuni za Agosti. Sehemu inayoangusha watu wengi ni ufahamu: unapewa habari ya Kiingereza, ukurasa mzima, halafu maswali, halafu msamiati.

Mimi nilikwenda pale kifua mbele. Jaribio la kwanza nilipata kumi na moja kwa hamsini. Kumi na moja, dada! Pendo, muuza mchele aliyeketi pembeni yangu, alipata thelathini na nne, na yeye kila neno jipya anauliza bila haya mpaka mwalimu anaomba maji. Mwalimu Barnaba aliniita mbele akaniambia kwamba mimi sisomi, mimi nakisia. Alisema naona neno moja ninalolijua, nalishika, nalijengea nyumba nzima, halafu naanza kukaa humo wakati mwandishi hajajenga hata choo. Darasa likacheka. Nami nikacheka, maana niliogopa.

Anatufundisha hivi. Soma maswali kwanza, halafu habari, na habari isome mpaka nukta ya mwisho kabla ya kushika kalamu. Neno usilolijua usiliruke wala usilibuni, tazama majirani zake kulia na kushoto, watakuambia linaishije. Na usilete vitu vya nyumbani kwako: jibu litoke kwenye habari, si kichwani mwako. Wiki ya tatu nilikuwa silali vizuri. Nasoma kibao cha duka mpaka mwisho, nasoma maandishi ya nyuma ya lori mpaka mwisho, narudi kuyasoma tena. Bosi akaniuliza kama nina homa. Nikasema ni mtihani. Haikuwa mtihani, na nilijua.

Basi wiki iliyopita mwalimu akasema kila mtu alete karatasi ya Kiingereza kutoka nyumbani kwake, karatasi ya kweli iliyowahi kumhusu mtu. Pendo alileta maelezo ya dawa za presha za mama yake. Mwingine alileta mkataba wa pikipiki. Mimi ofisini nimezungukwa na karatasi za Kiingereza, ningeweza kuokota yoyote. Sikuokota. Nilifungua sanduku langu, lile la bati alilonipa Mama, nikatoa barua moja ya zamani iliyokuwa chini kabisa, ndani ya kanga. Nilijiambia nachukua hiyo kwa sababu ni fupi. Uongo mtupu. Nadhani nilitaka mtu mwingine aisome.

Kazi ilikuwa kubadilishana: mwenzako anaisoma karatasi yako, anatunga maswali matano, wewe unasimama na kujibu. Yangu ikaangukia kwa Pendo. Akaisoma mbele na nyuma, taratibu, kidole kikitembea chini ya mistari. Kisha akauliza. La kwanza, barua imeandikwa na nani kwenda kwa nani. Nikajibu. La pili, chuo kinasikitika kwa jambo gani. Nikajibu: nafasi za uuguzi zimejaa. La tatu, badala yake mwombaji amepewa nini. Dada, nilikuwa na hiyo karatasi mkononi na herufi zinanitazama. Nikajibu kwamba amepewa nafasi ya kusomea utaalamu wa maabara ya hospitali, chuo kile kile, mwaka ule ule. La nne, anatakiwa athibitishe lini, na kwa njia gani. Nikajibu: kabla ya tarehe kumi na nne Septemba, kwa barua au kwa kupiga simu, na namba ya simu iko nyuma.

La tano Pendo alilitunga mwenyewe kwa sababu ni mdadisi. Alikisia kutokana na uso wangu, akauliza kwa nini mwombaji hakujibu. Mwalimu Barnaba akamkatisha, akasema swali hilo ni batili, jibu lake halimo ndani ya habari. Akaniruhusu nikae. Nikashindwa kukaa. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya kanisa, malori yakipiga honi, nikalia mpaka Pendo akanifuata na kunipa kanga yake nijifute.

Dada Ferista, barua ile ni yako.

Ni ile ya chuo, ya mwaka 2013. Sikuichoma. Baba alisema niitie motoni kwa sababu karatasi ya machozi haikai ndani ya nyumba, nikaenda jikoni nayo, nikarudi nikasema imekwisha.

Wewe hukuwepo. Ulikuwa Mbozi kwa watu wa Mlowo, unachuma kahawa upate vifaa vya chuo. Ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na tano Agosti. Baba alikaa na bahasha siku mbili bila kuifungua, akingoja ibada iishe aje na Mzee Ambilikile na wazee wengine wa kanisa, maana kwetu barua ya mtoto ni ya watu wote. Mama alipika wali. Mzee Ambilikile akaomba. Kisha Baba akaichana bahasha na kunikabidhi mimi, mtoto wa kidato cha tatu, aliyepewa zawadi ya Kiingereza kata nzima, akawaambia wageni kwamba sasa watasikia. Nikasimama. Mstari wa kwanza niliuelewa: wanasikitika. Aya ya pili ilikuwa na maneno marefu, sikuelewa hata nusu. Watu kumi wananitazama, wali unapoa, Baba anatabasamu. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja tu: hapa sijaelewa, tumpelekee mwalimu. Sikuisema. Nilisema wamesikitika, hawakumchukua, basi. Baba akauliza kama imeishia hapo. Nikasema imeishia hapo. Sikugeuza hata nyuma.

Mama alilia. Baba akakupigia simu kwa watu wa Mlowo. Nawe ulikuwa umeshanunua vile viatu vyeupe vya kamba, vya uuguzi. Ulirudi navyo kwenye mfuko, ukasema havina shida, vitakuwa vya kanisani. Mwaka uliofuata ulikuwa unavunia pareto navyo. Na watu wa Ibaba, kwa utani wao, wakaendelea kukuita Nesi, mpaka leo wanakuita hivyo, na wewe unaitika.

Ningeweza kuishia hapa na ungeniona mtoto aliyekosea. Lakini nimekuambia usome mpaka mwisho, na mwisho wenyewe ni huu. Tarehe niliiona, dada. Maneno sikuyajua, ila tarehe huandikwa kwa namba, na namba kila mtu anazijua. Kumi na nne Septemba ilikuwepo mara mbili. Nililala nikijiuliza kwa nini chuo kilichokukataa kikupe tarehe. Nilijua kuna kitu. Shuleni mwalimu wa Kiingereza alikuwepo, kila siku nilipita mbele ya mlango wake na barua yako iko ndani ya daftari langu. Kuuliza si ujinga, tuliimbishwa hilo tangu darasa la kwanza. Lakini ningemuuliza, angejua. Angejua, Baba angejua. Na Baba angewarudia wale wazee kusema binti yake alisoma vibaya. Nikahesabu siku. Tarehe kumi na nne ilikuwa Jumamosi, tulikuwa shambani kwa viazi mimi na Mama. Jua lilipozama nikapumua. Nilifurahi, dada. Nilifurahi kwamba sasa hata nikiuliza haitasaidia. Hilo ndilo limenikaa hapa kifuani miaka yote hii, si kosa la kusoma.

Sikuombi unisamehe kwa barua, hiyo ni kazi kubwa na ina siku yake. Karatasi moja niliyokunjia humu ni barua yako ya chuo. Isome mwenyewe. Ya pili ni fomu ya mtihani huu ninaoufanya mimi. Kidato cha nne unacho, umri unao, na Mwalimu Barnaba amesema kiti kipo. Mwisho wa kuipeleka ni tarehe thelathini mwezi huu. Sijakujazia hata jina. Nimekufanyia uamuzi mara moja, yatosha. Ukiitupa, umetupa fomu, na mimi sitauliza.

Jumapili hii nakuja Ibaba. Nitamwomba Baba amwite Mzee Ambilikile na wale wazee waliobaki, Mama asipike kitu, na nitasimama pale pale. Kama bado utakuwa nayo hiyo barua na ukakubali kunipa, nitaisoma mbele yao, mbele na nyuma, na tarehe, na namba ya simu. Ukikataa kunipa, nitawaeleza kwa kichwa, naijua yote. Baba ataumia. Najua anavyonitaja bado kwa wageni. Na aumie nikiwepo.

Msalimie sana Shemeji Yesaya. Mwambie Goodness mama zake wadogo wa huku, maana Pendo naye kajifanya mama mdogo, wanamsalimu, na mwambie aendelee kubishana na walimu, aulize mpaka wamchoke. Wazee wape shikamoo zangu, mengine wayasikie kwangu mwenyewe.

Na Jumamosi nitamjibu Pendo swali lake la tano, Mwalimu Barnaba apende asipende. Mwombaji hakujibu kwa sababu hakusomewa. Aliyepewa asome alikuwa mdogo wake.

Ni mimi,
Jenista