Watoto wa Jeneroza

Migori, Mei 1996

Kwako Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi na mkweo Bakari tu wazima, na duka la vitambaa linakwenda hivyo hivyo. Je, magoti yako? Ile dawa ya kuchua imekufaa?

Mama, kuna jambo limenikaa rohoni, na huku sina wa kunijibu kama wewe.

Unajua asubuhi huwapelekea polisi mahamri. Siku moja nikasikia mtoto akikohoa mahabusu. Nikachungulia, nikamwona mwanamke na watoto wawili wamelala kwenye saruji. Mwanamke anaitwa Jeneroza. Alikimbia vita Burundi, wakashushwa basini kwa kukosa vibali. Msichana wake, Alini, ameng'oka meno ya mbele. Mwenye kikohozi ni mdogo wake, Fabiani.

Nikamwita jirani yangu, Mama Atieno, Msabato asiyeogopa mtu. Tukaingia kwa mkuu wa kituo.

"Afande, hii watoto imekosea nani?" akauliza Mama Atieno.

Nami nikadakia, "Watoto hawafungwi. Watoeni hata leo!"

Mkuu akatutazama. "Sawa. Wachukueni. Mama yao atabaki."

Mama, nilifurahi! Nikamshukuru tena na tena. Sikwenda hata kumuuliza Jeneroza. Alipoona mlango unafunguliwa na mimi nimenyoosha mikono, aliwakumbatia wanawe akasema, "Dada, nani alikutuma?" Askari akabandua vidole vya Fabiani kwenye kitenge cha mama yake. Nikambeba huku ananipiga kifuani.

Nyumbani hawakula. Alini alikaa kizingitini, na kila nikimwita alijibu neno moja tu: "Nirudishe." Bakari akaniambia taratibu, "Hawa si yatima, mke wangu. Mama yao yuko pale."

Kesho yake mimi na Mama Atieno tukarudi na watoto. Mkuu akacheka. "Jana mlilia watoke, leo mnalia warudi?"

"La, afande," nikamjibu. "Jana nilikosea, niliomba nusu. Leo naomba na mama yao. Kukosa karatasi si wizi. Mwachie alee wanawe."

Akakataa. Basi tukaketi uani pamoja na watoto. Wakaja akina mama wa Sabato, wakaja wa Katoliki na sufuria ya uji. Tukawa tunashinda pale, watu wa sokoni wakipita wanauliza kuna nini, mpaka mkuu akachoka na maswali akampeleka Jeneroza mahakamani. Hakimu akaamuru aachiwe, akae kwetu na kuripoti kituoni hadi watu wa wakimbizi wampokee.

Sasa wako chumba cha nyuma. Jeneroza anasema amenisamehe. Fabiani hamwachi mama yake hata akienda chooni. Na mimi nikiingia na chai, Alini humvuta mdogo wake nyuma ya mlango, akasimama mbele yake, akaitazama mikono yangu.

Nilitaka kheri, Mama. Lakini mtoto hajui nilichotaka, anajua nilichofanya. Niombee.

Nisalimie shangazi anayekupikia, na kaka Hamisi fundi baiskeli. Mwambie bintiye Zuhura nimemkumbuka sana. Mpakate kwa niaba yangu, ila akitaka kwenda kwa mama yake, mwache aende.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mwanaidi