Fundi Aliyelala Chini ya Korona

Dabani, Busia
Jumapili, 16 Juni 2024

Mpendwa kaka yangu Ekwaro,

Pokea salamu nyingi, tena za kifua mbele, kutoka kwa dada yako Betty. U hali gani huko Eldoret? Wifi na watoto wanaendeleaje, na ule mgongo wako umepata nafuu? Sisi huku tu wazima. Mahindi yamefika kiunoni. Nathan mume wangu bado yuko safarini na lori, Juba, na kila akipiga simu anakusalimia.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu ungenikatiza, wewe na tabia yako. Kifurushi ulicholetewa pamoja na barua hii ni beringi ya gurudumu. Usiitupe! Izungushe kwa kidole uone inavyokwaruza. Nimeitoa mimi, hapa hapa uani, kwa mikono yangu.

Ilikuwa hivi. Baba mkwe wangu, Mzee Mugeni, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alifika mahali anamsalimia ng'ombe akidhani ni jirani. Kanisani tukatangaziwa kwamba madaktari wa macho watakuja Tororo siku moja tu, Alhamisi. Nikasema nitampeleka kwa gari letu, ile Toyota Korona. Mzee akakataa katakata. Akamtuma mama mkwe aniambie kwamba hajawahi kuketi karibu na mke wa mwanawe na hataanza uzeeni, afadhali abaki kipofu na heshima yake. Hawa Wasamia unawajua, na sisi Wateso hatuko mbali nao. Mimi na Mzee hatupeani mikono. Akija upande wa jikoni, mimi napita nyuma ya nyumba. Tangu niolewe, maneno yetu yote yanapitia kwa mama mkwe.

Na gari lenyewe lilikuwa linaumwa. Gurudumu la mbele kushoto lilinguruma kama mashine ya kusaga. Fundi mmoja wa mjini alikuwa amelibadilishia beringi, lakini aliigongelea ndani kwa nyundo, tena akigonga duara la ndani, ikafa haraka. Nilipoliinua gurudumu kwa jeki na kulitikisa, likacheza. Kwenda nalo Tororo hivyo ni kutafuta kaburi. Kumrudishia yule yule wa nyundo? Sithubutu! Nikanunua beringi mpya Busia, nikavuka upande wa Kenya kwa wauza vyuma chakavu, nikarudi na bolti ndefu, washa nene na kipande cha bomba, vya kuvutia beringi bila nyundo. Ni vile vile ulivyofanya kwenye pikapu ya baba kule Mukuju, mimi nikikumulikia tochi. Ulidhani namulika tu, eti? Nilikuwa naangalia.

Jumanne nikavaa overoli ya Nathan na buti zake, nikaegemeza gari juu ya kisiki, nikafungua gurudumu na breki. Halafu ile nati kubwa ya ekseli. Kaka, nati ile! Nilirefusha spana kwa bomba nikaikalia kwa uzito wangu wote, na unajua mimi si mdogo. Ikalia, ikalegea. Nikapiga vigelegele peke yangu mpaka kuku wakakimbia.

Nikalala chali juu ya gunia, chini ya gari, kufungua nati ya chini, miguu yangu nje. Ndipo nikaona viatu vya Mzee vinakuja. Yesu wangu! Nikitoka, nimesimama mbele ya baba mkwe nimevaa suruali. Nikisema neno, ataijua sauti. Nikaganda pale pale. Mzee kwa macho yake yale aliona overoli na buti, akaamini ni fundi mwanamume. Akanisalimia, nikaguna. Akavuta kigoda akaketi karibu kabisa na miguu yangu.

Akaanza kuzungumza. Aliniambia nisilipue kazi, kwa sababu gari hili linaendeshwa na mke wa mwanawe, na huyo mwanamke ndiye nguzo ya boma hili, ila hajawahi kumwambia kwa sababu hawezi kumsogelea. Kisha akashusha sauti. Akasema mambo ya heshima ni kisingizio tu, kinachomzuia ni hofu ya kisu. Kuna mwenzake alipasuliwa zamani akarudi bila jicho. Anaona haya, mzee mzima, kumwambia mkewe kwamba anaogopa.

Machozi yalinitoka yakaniingia masikioni. Nikafikiri: nikinyamaza, Alhamisi itapita na Mzee atabaki gizani. Nikisema, nimemvua nguo. Nikasema. Nikageuza uso kando, nikamwambia kwamba aliye chini ni Betty, kwamba hata mimi niliiogopa nati ile na nikaifungua, na kwamba sasa nakwenda kuvuta beringi, akipenda abaki asikilize.

Nikasikia kigoda kinageuzwa. Alikuwa amenipa mgongo, basi nami nikatoka nikampa wangu, nikafanya kazi hivyo hivyo. Niliivuta ile mbovu kwa bolti, nikaingiza mpya pole pole, nikiisukuma kwenye duara la nje, nyundo haikugusa kitu. Nilipozungusha, kimya. Mzee akauliza hewani mbona hasikii chochote. Nami nikajibu hewani kwamba ndiyo imepona.

Alhamisi alipanda, kaka! Alikaa kiti cha nyuma, mama mkwe akatundika shuka katikati, akaona haitoshi, akafungua na mwavuli. Askari wa barabarani alitusimamisha akauliza kama tumebeba bibi harusi. Tororo walimpasua, na bandeji ilipotolewa alihesabu mbuzi wa jirani akiwa amekaa barazani.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe, na usipige kelele hapo gereji. Leo baada ya kanisa tumechinja kuku. Firigisi unaijua ni ya nani, hapa na kwetu pia. Ni ya mwenye nyumba, mwanamke haionji. Nilikuwa jikoni, mama mkwe akaingia na kisahani kilichofunikwa, akasema Mzee ametuma hii kwa fundi. Nikafunua. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema Mzee anaona vizuri sasa, ameitoa bakulini kwa mkono wake, na anasubiri kisahani kirudi kitupu.

Nimeila, kaka. Yote. Mama mkwe alisimama mlangoni akinitazama, na nilipomrudishia kisahani alikilamba mchuzi yeye mwenyewe, tukacheka mpaka Mzee akakohoa kule sebuleni.

Msalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda. Mungu awalinde nyote. Krismasi mje, kuku wapo. Ila ile firigisi, kaka, safari hii tutaigawana.

Ni mimi dada yako,
Betty Ikiring