Kifungo Kisichofunguka

Jumapili, 23 Novemba 2008

Tangu asubuhi inanyesha ile mvua ya Stratford isiyojijua kama ni mvua au theluji. Mwanangu Nasra kalala kifudifudi kwenye kochi baada ya wali wa mchana, soksi moja mguuni, ya pili sijui kaitupa wapi. Nina kama saa moja kabla hajaamka. Toka jana nina kitu kimenikaa kifuani, na siyo huzuni. Ni dharau.

Nawadharau wanaume wanaopima vyuma kwa mizani ya jikoni.

Anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza ajue kwamba mimi nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya skii, mbao za kutelezea kwenye theluji, mjini kati. Nimeishia kidato cha pili, mlima wenye theluji sijaukanyaga hata mmoja. Niko chini, stoo, napokea mizigo. Shifti inaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Natoka nyumbani Nasra yumo usingizini, anayemwamsha ni mama mkwe wangu, anayempa uji ni yeye, anayempeleka chekechea ni yeye. Mungu ampe afya, simsemi kwa ubaya.

Lakini wiki mbili zilizopita Nasra alijikwaa hapo ukumbini. Nikakimbia kumwinua. Akanipita huku analia, akaenda kumkumbatia bibi yake miguu, akamwita "Mummy".

Mama mkwe kaona haya, akamwambia, "Mama yako yule pale, we mtoto!"

Nikacheka. Kisha nikaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Wanaouza juu dukani wanaanza saa nne asubuhi. Saa nne! Mtoto ameshaamka, ameshanawishwa, ameshakataa uji na kubembelezwa akala. Kwa hiyo nikamwomba meneja, Simon, anijaribu juu. Akanipa Jumamosi moja tu, jana, na akanipa kona ambayo hakuna anayeitaka. Kona ya vifungo.

Hilo neno nimelichagua mwenyewe, na limeniletea vituko. Nilipomwambia mama mkwe kwamba naenda juu kuuza vifungo, alifurahi kweli.

"Basi niletee dazeni moja, vyeupe. Kanzu ya mume wako imebaki na viwili."

"Siyo vya nguo, Mama. Ni vyuma vya kushikia buti kwenye ubao wa skii. Mtu akianguka vinajifungua." Nikamwonyesha picha kwenye kitabu cha duka.

Akaacha kuchagua mchele. "Vinajifungua? Vinazaa nini?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Na hizo pini mbili za kwenye picha ndiyo mapacha?"

Tulicheka mpaka Nasra akaja kuuliza kwa Kiingereza chake nini kinachekesha.

Wateja wa ile kona basi. Kuna watu wanaokwenda milimani, lifti ya kuwapandisha ipo, wao hawaitaki. Wanapanda kwa miguu yao na skii zimo miguuni, kisigino kinainuka kila hatua, wakifika juu wanakifunga ndipo wanateleza chini. Sawa, kila mtu na anachopenda. Sasa kuna vifungo vya kawaida vya kazi hiyo, na kuna vya mashindano, vidogo, vyepesi kama kitunguu. Wanaoshindana kweli wana haki yao, wanataka wapande haraka. Lakini wanaokuja kununua pale kwetu hawashindani na mtu. Wanashindana na mizani.

Jana alikuja mmoja na mizani yake kutoka nyumbani, kaifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga. Akaiweka kwenye kaunta yangu, akapanga vifungo aina nne, anapima kimoja kimoja, anaandika kwenye kidaftari. Kitambi chake kimemtangulia kaunta nzima. Nikajisemea, baba, acha sandwichi moja tu, utaokoa gramu kuliko zote hizo unazozitafuta kwenye skrubu.

Nilitabasamu, maana Simon alikuwa nyuma ya nguzo ananitazama. Asubuhi alishaniambia, "Wewe uza wepesi. Wepesi unajiuza." Naye namdharau kidogo. Mtu mzima hajawahi kubeba hata boksi moja kutoka stoo.

Hapo ndipo nikamwona mke wake. Mwanamke mwembamba, mfupi kuliko mimi, kakaa kwenye benchi na buti zake mapajani kama mtu anayesubiri daktari. Vifungo vilikuwa vyake! Mume ndiye anapima, mume ndiye anachagua, mume ndiye anasema "tunataka". Mwenye miguu hajaulizwa lolote.

"Hivi hapa," mume akaamua. "Vyepesi kuliko vyote. Atanishukuru akiwa juu."

Vya mashindano.

Nikamtazama mke miguu. Kwa sababu pale stoo niko na Marek, Mpolandi, katoka kwenye mji wa milimani, goti lake moja halikunjiki vizuri. Wakati wa chai ndiye aliyenifundisha vifungo, buti mkononi. Vya kawaida vina skrubu na namba. Mtu mwepesi unamwekea namba ndogo, akianguka buti linachomoka, mguu unapona. Hivi vya mashindano vingi havina namba. Kiwanda kimekaza kwa ajili ya mkimbiaji mwenye mapaja, basi. Mtu mwepesi akianguka, ubao unageuka, buti haliachii, kinachoachia ni mfupa. Marek alinionyesha goti lake.

Na mimi nilikuwa nimeliweka neno kichwani kinyume siku zote. Nimekiita kifungo kwa vile kinafunga. Kufunga hata kamba inafunga. Kazi yake hasa ni kufungua.

Nikamwangalia Simon nyuma ya nguzo. Bei kubwa kuliko zote pale konani, mteja ameshatoa kadi. Nikipitisha, kazi ya juu ni yangu. Nilimwona Nasra na uji mdomoni, wallahi nilimwona. Mkono wangu ulishalishika lile boksi.

Nikaliweka chini. Nikamwuliza mke, "Samahani dada, una kilo ngapi?"

Mume akashtuka kama nimemtukana. "Hilo lina uhusiano gani?"

"Nimemwuliza yeye."

Imenitoka hivyo hivyo. Kiingereza changu hakina mto wa kulalia maneno.

Mke akanitajia, kwa sauti ndogo. Kwenye kaunta kuna kibao cha majaribio kimefungwa vifungo vya aina zote. Nikachukua buti lake nikalibana kwenye kile cha mashindano, nikamwambia alishike aligeuze kwa pembeni mpaka litoke. Akageuza. Akageuza kwa mikono miwili. Akaegemea kwa mwili wake wote, uso ukawa mwekundu. Wapi! Nikalihamishia kwenye cha kawaida, nikapunguza namba kwa bisibisi, nikamwambia arudie. Tak! Buti likamtoka, nusura limpige mumewe kifuani.

Yule mama alicheka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kufungua kinywa pale dukani kwa hiari yake.

"Hivyo vizito," mume akasema, anatazama kidaftari. "Vinazidi kwa zaidi ya mara mbili."

Nikamjibu, "Ndiyo. Na mguu wake una uzito gani ukiwekwa plasta?"

Hakupenda. Akaifunga mizani yake kwenye taulo, kidaftari mfukoni, akasema duka gani hili, akatoka. Mke akamfuata, buti kwapani. Mlangoni akageuka akanitazama, basi.

Simon akaja taratibu. "Umemfukuza mteja aliyekwisha toa kadi."

"Angevunjika mguu, Simon."

"Labda. Nenda stoo umalizie siku. Tutaongea."

Nikashuka ngazi na fulana yangu mpya ya duka, ile ya wauzaji. Marek akaniona, akasogeza boksi moja nikae. Nilirudi nyumbani mama mkwe akauliza, "Vifungo je?" nikamwambia vimekwisha.

Usiku mzima nilijidharau mimi badala ya wale. Nani kakwambia uwe daktari wa Wazungu, wewe? Wana hela, wana vitabu, wana milima yao, wakivunjika watabebwa na helikopta. Wewe ulichotakiwa ni kukata risiti tu.

Halafu leo, tunapakua wali, simu inalia. Marek, kashika shifti ya Jumapili. Anaongea na mdomo umejaa mkate.

"Mwanamke wako amerudi."

"Mwanamke gani?"

"Wa buti. Peke yake. Simon alitaka kumhudumia mwenyewe, yule mwanamke kakataa. Anasema anamtaka yule msichana aliyemwuliza kilo zake. Anasema atarudi kesho saa nne na nusu, na dada yake, wote wawili wanataka vifungo."

"Simon kasemaje?"

"Amefanya uso wa kula ndimu. Anasema kesho usije alfajiri. Uje saa nne. Na fulana safi."

Sijui kama kesho ni siku moja tu au ni kazi. Simon hakusema, na mimi sikumwuliza Marek, niliogopa jibu. Yule mume bado namdharau, mizani yake na taulo lake. Simon nampunguzia kidogo. Nusu kijiko.

Fulana nimeshaifua, ipo juu ya hita. Mama mkwe nimemwambia kesho alale mpaka achoke. Akanitazama, akasema tu, "Uji wake weka sukari kidogo, mwanangu, siku hizi anautema ukiwa mtamu sana." Nilikuwa silijui hilo.

Saa moja asubuhi Nasra atafungua macho, na atakayekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda ni mimi.

Ataniita nani?