Kumi na Tisa Waliohama

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu kaniita ofisini chai ikiwa bado mdomoni. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne na wa takwimu pia, yaani kila fomu yenye visanduku huniangukia mimi. Wavulana wangapi, wasichana wangapi, yatima, wanaozungumza lugha nyingine nyumbani. Leo alitaka kisanduku kimoja tu: watoto wa machimboni, wale ambao wazazi wao wanaponda kokoto nyuma ya kilima. Nikahesabu. Kumi na tisa kati ya sitini na wanane.

Akabonyeza kikokotoo. Wote pamoja, wastani wa muhula uliopita ni arobaini na tatu. Bila wao, hamsini na moja! Akanigeuzia nijionee.

Mtihani wa wilaya ni Ijumaa, kasema. Na watu wa machimbo ni wa kuhamahama, leo wapo kesho hawapo. Nani atashangaa? "Samaki mmoja akioza, mwalimu..."

Nikacheka. Sijui nilicheka nini.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika kwenye rejista. "Amehama" mara kumi na tisa, kwa kalamu nyekundu. Kufika jina la saba mkono ukawa mwepesi. Hilo ndilo linanitisha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewaambia kesho wapumzike nyumbani, kuna wageni. Wamepiga makofi! Mmoja kasema asante mwalimu.

Ijumaa, 7 Machi
Siafu kaja.

Wenzake wamembatiza hivyo kwa sababu ni mdogo na hatulii. Saa moja na nusu yuko mlangoni, sare imepigwa pasi, penseli mbili mkononi. Nilikuambia nini jana? Kajibu kwamba baba yake kasema mtihani haupumziki.

Mwalimu mkuu akanong'ona: mtoe hapo, msimamizi asimwone. Nikampeleka stoo ya vitabu, katikati ya maboksi ya chaki. Nikampa karatasi ya mtihani ya ziada ili asilie. Kulikuwa na dawati moja, bovu la mguu.

"Mwalimu, lote langu?"

Ndiyo, lote.

Tangu Januari anakaa sakafuni, nyuma kabisa. Wote kumi na tisa wanakaa sakafuni. Madawati hayatoshi, kweli. Lakini nani alichagua wa kukaa chini?

Jumapili, 9 Machi
Nimesahihisha karatasi ya Siafu. Nilidhani nitaitupia jicho tu.

Themanini na moja.

Nimerudia. Na nilikuwa natafuta makosa! Mwalimu gani huomba mtoto akosee? Hesabu zote kapata isipokuwa mbili. Insha ina makosa ya herufi lakini ina akili kuliko yangu.

Na wale kumi na wanane? Sijui wangepata nini. Labda kidogo, labda sivyo. Nilijipa jibu kabla ya swali.

Karatasi nimeificha chini ya nguo kabatini, kama mwizi.

Jumatano, 26 Machi
Matokeo! Shule imetoka ya kumi na saba hadi ya nne. Nimepewa cheti mbele ya walimu wote, "kwa juhudi za kuinua ufaulu". Walipiga vigelegele. Nilitazama viatu vyangu.

Nyumbani mume wangu kawasomea majirani cheti chote, hadi jina la mpiga chapa. Mama mkwe kakigongomea msumari sebuleni, juu ya televisheni. "Mwanangu, umetutoa kimasomaso!" Nikasema kichwa kinaniuma. Akaniletea maji na kunisugua mgongo. Laiti angenitukana.

Alhamisi, 27 Machi
Baba yake Siafu kaja. Kavua kofia mlangoni, vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Kasema kasoma ubao wa matokeo, au tuseme Siafu kamsomea, mara tatu, na jina halipo. Labda wamekosea kuandika?

Nikasema majibu yake bado.

"Haina neno, mwalimu. Tutasubiri."

Kisha kanisimulia. Mwezi uliopita kule machimboni waliweka kibao kipya. Yeye akapita, herufi hazijui. Siafu akamkamata shati: baba, hapa wameandika baruti. Dakika chache baadaye mwamba ukaruka. "Mkono wako huo, mwalimu. Ndiyo nimekuja kushukuru. Matokeo ni kisingizio tu."

Kanipa mkono. Mgumu kama jiwe lenyewe. Nimeupokea! Nimepokea na shukrani.

Jumatatu, 31 Machi
Naandika nikiwa ndani ya choo cha walimu. Daftari lilikuwemo mkobani, na mikono inahitaji kitu cha kufanya.

Afisa elimu kaja bila taarifa. Katandika rejista mezani. Kumi na tisa kuhama siku moja, wamekwenda shule gani? Mwalimu mkuu kakohoa. Halafu kasema, taratibu kabisa: "Takwimu anazo mwalimu huyu. Mimi huweka sahihi tu."

Nikaomba ruhusa nitoke kidogo.

Dirisha hili dogo liko juu ya uwanja, nasikia kila kitu. Baba yake Siafu karudi kuuliza matokeo. Siafu yuko naye, sauti ile siwezi kuikosea. Afisa anamuuliza anasoma wapi.

"Hapa hapa. La nne."

Mwalimu mkuu: huyo mtoto hatumjui.

Kisha yule baba, bila hasira hata kidogo: "Mwalimu wake anamjua. Mngojeni aje aseme mwenyewe. Ni mtu mkweli."

Mtu mkweli! Mungu wangu.

Mbio kwenye koridoo. Mlango unagongwa, chini, pale mkono wa mtoto unapofika.

"Mwalimu, unaitwa."

Nimejibu nakuja. Kasema, basi nakusubiri hapa.

Navisikia viatu vyake. Hajaondoka. Naam, nakuja, mwanangu, nakuja