Bei ya Gari la Mtalaka Wangu

Jumatatu, 3 Februari
Kapiga simu. Mtalaka wangu! Mwaka na miezi minne kimya, leo sauti ileile: “Habari za kazi, Bi Punguza?” Jina alilonipa siku niliyoshusha bei ya kitanda chetu mpaka mwenye duka akaomba maji ya kunywa. Anataka gari. Jipya, ila toleo la mwaka jana – mengine yote yameshauzwa, limebaki hilo moja yadi. Kupatana bei hawezi, akitajiwa tu anakubali. Ati mimi nanunulia hospitali nzima mashuka na glavu, nitashindwa na gari moja? Nikasema nitaangalia ratiba. Ratiba gani!

Alhamisi, 6 Februari
Dada anasema nina wazimu. Gari lenyewe atapanda nani, si yule mwanamke wake? Nikamjibu ni msaada tu. Akaniangalia viatu. Vipya.

Jumamosi, 8 Februari
Yadi. Gari la kijivu, limesukumwa nyuma ya matoleo mapya. Vumbi kwenye dashibodi. Nikachuchumaa kwenye matairi – yamebonyea kwa kusimama. Nikauliza betri imelala humo miezi mingapi. Muuzaji, bwana mnene mwenye tai nyekundu, akaanza kujifuta jasho. Anadai bei haigusiki. Basi libaki, nikamwambia, mwaka ukiisha litakuwa la mwaka juzi. Mtalaka wangu pembeni yangu anabana kicheko, kama zamani.

Asilimia nane imeshuka. Tai Nyekundu akasema, “Bwana, mkeo huyu mkali!”

Nilingoja amsahihishe. Hakumsahihisha. Wala mimi sikumsahihisha.

Tukanywa soda mkahawa wa jirani. Saa nzima! Nikamshauri asiwe na haraka, itashuka zaidi.

Jumatano, 12 Februari
Asilimia kumi na mbili, na bima ya mwaka wanalipa wao. Bei nzuri. Nzuri sana – mnunuzi yeyote mwenye akili angeweka saini palepale. Nikasema bado.

Najua kwa nini nilisema bado. Jumamosi tunarudi tena.

Jumamosi, 15 Februari
Leo tulilijaribu barabarani. Yeye usukani, mimi kando yake. Dirisha wazi. Akawa anapiga mluzi, nikajisahau kabisa.

Simu yake ikaita. Akaiweka spika, mikono iko kwenye usukani. Sauti ya mwanamke, ya upole – upole sikuutegemea. Yuko na yule dada wa ofisini? Amshukuru sana. Daktari kasema mtoto anaweza kuja kabla ya mwezi kuisha, na pikipiki hawezi tena kupanda.

Mtoto.

Miaka tisa mimi na yeye. Kliniki tatu. Kile chumba kidogo tulichokipaka rangi, baadaye tukakijaza masanduku. Na huko kwake mimi ni dada wa ofisini!

“Nilitaka kukuambia,” akasema.

Lini? Sikuuliza. Nikamwambia gari linavuta kushoto, wapange magurudumu upya. Sauti yangu ilitoka sawasawa, kama niko kazini. Nilipofika nyumbani nikafungulia bomba la bafuni ili jirani asinisikie.

Jumapili, 16 Februari
Sikutoka. Dada kaja na chakula, kakiacha mlangoni.

Jumatatu, 17 Februari
Tai Nyekundu kanipigia mimi – pale yadi niliacha namba yangu, si ya mtalaka wangu. Meneja kakubali. Ile bei yangu ya mwanzo kabisa, niliyoitaja kuwatisha tu! Na matairi mapya manne. Ila mwisho leo saa kumi na moja jioni, kuna mteja mwingine analitaka.

Tangu nianze kazi hii sijapata bei kama hiyo.

Nikimwambia, atashukuru, ataweka saini, basi. Jumamosi zimekwisha. Nisipomwambia – yule mama na tumbo lake juu ya pikipiki. Mwanamke asiyenijua. Aliyenishukuru.

Saa kumi. Mtalaka wangu kapiga mara mbili, sijapokea. Karani wangu kauliza kama naumwa. Kichwa, nikasema.

Kumi na nusu.

Kumi na dakika arobaini. Inaita tena. Kwenye kioo cha simu jina lake ni lilelile, sijawahi kulibadilisha – Mume Wangu. Inaita. Kidole kipo juu yake.