Marcelo Ananitembeza Ukerewe

Nansio, Ukerewe
9 Julai 1995

Dada Philomena,

Mwangaluka, mayu! Watoto wangu wanakusumbua? Joyness ameacha kukohoa? Sisi tulifika salama, ila melini nilitapika mpaka nikaona haya.

Dada, nina hasira. Unajua tangu tuoane Marcelo ananiahidi kunitembeza visiwani. Wanawake wa jumuiya walinicheka, eti mkulima wa pamba naye anakwenda kutalii! Nikashona gauni hata hivyo. Sasa tumefika na hatutembei. Tumefikia kwa Joakim, rafiki yake anayenunua sangara kwa ajili ya viwanda vya Mwanza. Juzi tulitoka kwenda Bukindo kuona ikulu ya zamani ya mtemi. Njiani yeye na Joakim wakapitia mwaloni, kule samaki wanakoshushwa, wakaongea bei na barafu mpaka jua likawa kali, mimi nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Ikulu yenyewe niliiona kwa nje tu. Marcelo akasema, "Haya, umeona. Twende."

Gauni linanuka sangara.

Mdogo wako,
Wilhelmina

Nyalikungu, Maswa
15 Julai 1995

Mdogo wangu Wilhelmina,

Barua nimepata. Shemeji hajambo? Wewe tumbo limetulia? Huku sote wazima, na Joyness anakula kutushinda.

Nilitaka nikwambie uvumilie. Tangu biashara iruhusiwe, wanaume wote wamekuwa hivyo. Wangu na duka lake, hata tukitoka kanisani anaongea betri na sabuni. Lakini jana Ndaki wako ameniuliza, "Mama mkubwa, huko tunakohamia kuna shule?" Nikamwuliza nani kasema mnahama. Akasema baba.

Muulize mumeo. Usinyamaze kama kawaida yako.

Dada yako,
Philomena

Ukara
23 Julai 1995

Dada,

Shikamoo. Afya ninayo, moyo ndio sina.

Nilimuuliza. Tulikuja huku Ukara kuona lile jiwe kubwa linalocheza juu ya mwamba. Wenyeji walikuwa wanaliimbia na Joakim anapiga makofi, nami nikamgeukia Marcelo: "Tunahamia wapi?"

Akababaika. Mwisho akasema amepata nyumba Nansio, atanunua samaki pamoja na Joakim.

"Na mashamba? Na nyumba yetu Bariadi?"

"Tutauza."

"Na Milembe unamwacha na nani?"

Nilidhani atafoka. Akakaa chini, palepale mbele za watu. Akasema, "Wilhelmina, kila asubuhi nikifungua mlango naona kaburi la mwanangu. Mwaka wa pili sasa. Wewe unafagia pale unaongea naye. Mimi siwezi."

Dada, tangu tumzike hakuwahi kumtaja. Nilifikiri amemsahau. Ningemhurumia, lakini hasira ilinipanda zaidi. Kwa nini asiniambie nyumbani? Kwa nini anivushe maji, anivishe gauni, anidanganye kwamba ni matembezi? Nikamwambia, "Kaa na samaki wako. Mimi narudi kwa mtoto wangu."

Jiwe sikuliona likicheza. Kesho napanda meli peke yangu. Nitapitia hapo kuchukua watoto.

Wilhelmina wako

Bariadi
2 Oktoba 1995

Dada Philomena,

Mwadila, mayu! Samahani kwa kimya changu. Watoto wote wawili wazima, mimi nimechoka tu. Kuondoa miti ya pamba peke yangu si mchezo.

Marcelo alikuja wiki iliyopita. Hakuniambia pole wala samahani. Alichukua mtaimbo, akaanza kutoboa ukuta wa nyuma kuweka mlango mwingine, ili asipite mbele. Niligombana naye kutwa nzima. Nyumba ya baba yake anaitoboa kama panya! Jioni nilichoka kugombana, nikamkandia udongo wa kuziba pembeni.

Asubuhi alitoka kwa mlango wake huo. Nikajua anaelekea stendi. Basi lilipita likipiga honi, na mfuko wake bado uko ndani. Nikazunguka nyumba kumtafuta, nikamkuta upande wa mbele, amechuchumaa, anang'oa majani juu ya Milembe. Alikuwa anamweleza habari za jiwe la Ukara, jinsi linavyotikisika watu wakiimba.

Sikumsogelea. Bado nilikuwa na hasira, Dada, nisikudanganye. Nilirudi ndani nikabandika uji wa watu wanne.

Ni mimi,
Mdogo wako